Mvinyo ruksa, bia marufuku: masharti ya vinywaji kwenye meli za kitalii

Kila Desemba, Moshi inapojaa wenyeji waliorudi nyumbani, mazungumzo ya mezani huwa na mada zake: bei ya mbuzi wa ndafu, mpaka wa kihamba, nani anajenga wapi. Siku hizi imeongezeka mada ya meli. Mtoto aliyeko Marekani anawakatia wazazi tiketi ya meli ya kitalii, siku saba za kuzunguka Karibiani kutokea Miami, na shangwe inadumu hadi baba mdogo mmoja aulize kama mtu anaruhusiwa kupanda na bia zake. Hapo kila mtu anakuwa mtaalamu. Mmoja anasema shemeji yake alipanda na bia sita za kopo mbele ya walinzi na hakuna aliyemgusa. Mwingine anaapa kwamba rafiki yake alinyang'anywa hata soda. Wa tatu anawacheka wote: kwenye meli pombe ni bure, ya nini kubeba?

Wawili wa kwanza wanaweza kuwa wanasema kweli tupu. Wa tatu ndiye atakayeumia siku ya kulipa bili.

Tuanze na meli yenyewe, maana ukiielewa inavyojiendesha, masharti yake hayatakushangaza. Meli ya kitalii si boti ya kukuvusha kutoka Dar kwenda Unguja. Ni hoteli inayoelea, ina migahawa, mabwawa ya kuogelea, kumbi za muziki na kasino, leo iko bandari hii, kesho ile. Icon of the Seas, iliyoanza kubeba abiria Januari 2024, inachukua watu zaidi ya 7,000 ikijaa. Tiketi ya kawaida inalipia chumba, chakula na burudani nyingi. Kwenye vinywaji inalipia maji ya kunywa, chai, kahawa ya kawaida na juisi za asubuhi. Bia, mvinyo, pombe kali na, jambo ambalo wengi hawalitarajii, soda, vinalipiwa kando. Kuna kampuni za kifahari kama Silversea, Seabourn na Regent ambazo vinywaji vimo ndani ya tiketi, lakini bei ya tiketi zao nayo ni ya watu wengine.

Pesa taslimu huitoi kaunta. Siku ya kwanza unapewa kadi ndogo ya plastiki, au bangili, inayofungua mlango wa chumba na pia kulipia kila unachoagiza. Unaigusisha, mhudumu anatabasamu, bia inakuja. Hakuna noti inayotoka mfukoni, kwa hiyo hakuna kinachokuuma mpaka siku ya mwisho bili inapotoka ikiwa na kila glasi uliyokunywa, pamoja na asilimia 18 au 20 ya huduma juu ya kila glasi.

Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi Arusha au Moshi anaujua mchezo huu hata kama hajawahi kuona bahari. Kumbi ziko za aina mbili. Ukumbi wa kwanza unakutajia bei kubwa, halafu unakwambia leteni vinywaji vyenu, friji hizi hapa. Ukumbi wa pili unakutajia bei hadi mweka hazina anashangilia, kisha linakuja sharti: vinywaji vyote vinunuliwe kaunta yetu, na mkileta vyenu mtalipa ada kwa kila chupa itakayofunguliwa au kila kreti itakayoingia. Wajumbe wapya hulalamika kwamba wanaibiwa. Wazoefu wanajua kwamba mwenye ukumbi ameitoa gharama kwenye kodi na kuiweka kwenye bia. Meli nyingi za kitalii ni ukumbi wa aina ya pili.

Kampuni kubwa hazifichi jambo hili. Kwa Carnival na Royal Caribbean, takribani theluthi moja ya mapato hutokana na yale abiria wanayotumia wakiwa tayari wameshapanda: vinywaji, kasino, saluni, matembezi ya bandarini. Tiketi inaweza kushushwa bei ili meli ijae, kwa sababu chumba kitupu hakinunui bia. Abiria anayepanda na kreti mbili anachukua chumba cha bei ya chini na kuacha kando kile kilichofanya bei iwe ya chini. Ndiyo maana mlango wa meli una mashine ya eksirei inayokagua mizigo kwa macho mawili: jicho la usalama na jicho la biashara.

Jicho la usalama lipo kweli, nisije nikaonekana nalipuuza. Mtu aliyelewa kwenye meli yuko mita nyingi juu ya maji, hospitali iko mbali, na mhudumu wa kaunta anayeona umezidisha anaweza kukunyima glasi nyingine. Abiria akiwa na pombe yake chumbani hakuna wa kumhesabia. Wafanyakazi wenyewe wamebanwa na kanuni za kimataifa za mabaharia: mwenye majukumu ya usalama hatakiwi kuzidi kiwango cha asilimia 0.05 cha pombe kwenye damu. Lakini kama usalama ungekuwa sababu pekee, kaunta isingeuza mpaka usiku wa manane.

Sasa masharti yenyewe. Kila kampuni ina yake, na hapo ndipo hadithi za shemeji na rafiki zinapopatana. Kwa kampuni nyingi za Marekani kanuni ya msingi inafanana: kila mtu mzima anaruhusiwa chupa moja ya mvinyo au shampeni ya mililita 750, haijafunguliwa, siku ya kupanda tu. Bia hapana. Pombe kali hapana. Carnival na Royal Caribbean wako hapo. Princess nao wanaanzia hapo, ila ukitaka kuongeza chupa unalipa ada ya kufungua chupa, dola 20 kwa kila iliyoongezeka. Norwegian wameamua kwa njia nyingine: leta mvinyo kadiri utakavyo, lakini kila chupa ya 750 inalipiwa dola 15, hata ukiinywa chumbani mwako umejifungia. MSC hawataki chakula wala kinywaji kutoka nje. Viking, ambao wateja wao wengi ni watu wazima wasio na haraka, wanakuacha upande na pombe yako bila ada. Kampuni ya Uingereza ya P&O inamruhusu mtu mzima kupanda na hadi lita moja, hata ikiwa pombe kali.

Shemeji wa bia sita alipanda meli ya Disney. Hao wanaruhusu kila mtu wa miaka 21 na zaidi aingie na chupa mbili za mvinyo au bia sita ndogo za kopo au chupa, siku ya kupanda na tena kila bandari meli inapotia nanga. Ni ajabu kidogo kwamba kampuni inayojulikana kwa katuni za watoto ina masharti mepesi kwa bia. Mimi nadhani wamepiga hesabu zao: mzazi mwenye watoto wawili hakeshi kaunta, ameshatoa pesa nyingi kwa tiketi, na bia yake moja ya jioni barazani haiwapunguzii kitu.

Masharti haya hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo kabla ya kufunga sanduku soma ya kampuni yako kwenye tovuti yake, usisome ya kampuni ya shemeji.

Swali linalobaki ni kwa nini mvinyo unapita na bia inakwama, wakati bia ndiyo yenye kilevi kidogo. Hakuna kampuni inayolijibu waziwazi, lakini biashara yenyewe inajibu. Chupa ya mvinyo ni ya tukio, mke na mume wanaifungua siku ya kumbukumbu ya ndoa, inaisha kwa mlo mmoja, kesho yake wanarudi kaunta. Tena ukiipeleka mgahawani unaweza kutozwa ada ya kufungua, dola 15 kwa Carnival, kwa hiyo na wao wanapata chochote. Bia haina tukio. Inanywewa jua likiwaka, moja baada ya nyingine, na anayekuja nayo anakuja na ya wiki nzima. Pombe kali ndiyo mbaya zaidi kwao: chupa moja ya konyagi inatoa glasi nyingi ambazo zingeuzwa kwa bei ya kuchanganywa na juisi na kipande cha nanasi. Kiasi cha kilevi hakimo kwenye hesabu hiyo. Kilichomo ni mauzo mangapi yanapotea kwa kila chupa inayopita mlangoni.

Umri nao unachanganya watu. Kijana wa miaka 19 anayeagiza bia yake halali kabisa Moshi mjini, akipanda meli inayoondokea Marekani anahesabiwa mtoto, kwa sababu huko ni miaka 21. Haruhusiwi kunywa, na ile chupa yake moja ya mvinyo haipo kwenye hesabu ya familia. Meli hiyohiyo ikianzia bandari ya Ulaya, mara nyingi umri ni 18.

Wasiokunywa pombe wasidhani makala hii haiwahusu. Carnival wanamruhusu kila abiria makopo au pakiti 12 za vinywaji visivyo na kilevi, kila kimoja kisizidi kama mililita 355, kwenye mzigo wa mkononi siku ya kupanda. Chupa haziruhusiwi, ziwe za kioo au za plastiki, maji yakiwemo. Sharti hilo lilikuja mwaka 2015, na chanzo chake ni abiria wenyewe: watu walikuwa wanamwaga maji, wanajaza vodka, wanafunga kizibo upya kwa ustadi. Wasio na hatia ndio wanaolipa. Kwa hiyo Stoney Tangawizi ya chupa, na maji ya Kilimanjaro yanayotoka kiwandani palepale Moshi, hata kama yangefika Miami salama, yangeishia kwenye pipa la ukaguzi. Maziwa ya mtoto mchanga na mahitaji ya matibabu kwa kawaida huwa na nafasi yake, ila uyatangaze mapema.

Kwa mtu anayetokea huku kwetu kuna mtego mwingine ambao Mmarekani anayekuja bandarini na gari lake haujui. Kabla ya meli kuna ndege, na sheria za ndege ziko kinyume na za meli. Tuseme mama amepata chupa nzuri ya mvinyo wa Dodoma na anataka kuifungulia baharini. Kwenye uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) hawezi kupita nayo mkononi, kwa sababu vimiminika kwenye mkoba wa mkononi mwisho ni mililita 100 kwa chombo. Lazima ilale kwenye sanduku kubwa, imezungushiwa kanga mbili. Akifika bandari ya Miami mambo yanageuka. Sanduku kubwa anawaachia wapagazi, na chupa inatakiwa iwe kwenye mzigo wa mkononi, aionyeshe mwenyewe kwenye ukaguzi. Asipoihamisha, sanduku linavutwa pembeni, linapelekwa chumba cha mizigo yenye mashaka, na mama anaitwa akafungue mbele ya mlinzi wakati wenzake wameshakaa mezani. Mvinyo ni halali. Umekosea mfuko tu.

Ndege ina vipimo vyake pia. Kinywaji chenye kilevi chini ya asilimia 24, yaani bia na mvinyo, hakina kikomo cha kiusalama kwenye sanduku, ni uzito wako tu. Kati ya asilimia 24 na 70, ambako konyagi imo, mwisho ni lita 5 kwa mtu na iwe kwenye chupa yake ya dukani. Zaidi ya 70 haipandi kabisa. Na anayenunua kwenye duka lisilo na ushuru Doha au Amsterdam akumbuke kwamba akitua Marekani anachukua masanduku yake na kuyakabidhi upya kabla ya ndege ya ndani. Hapo ndipo pa kuiingiza chupa sandukuni.

Mbege, naomba lisiulizwe. Ndizi mbivu zilizochemshwa, ulezi uliooteshwa, msesewe kidogo, na kazi ya kuchachuka haijaisha wakati dumu linafungwa. Aliyewahi kuweka dumu la mbege nyuma ya gari kutoka Marangu hadi Arusha mjini anajua jinsi linavyovimba tumbo, na kifuniko kikilegezwa njiani gari zima linanuka kilabu kwa wiki. Meli inataka chupa iliyofungwa kiwandani. Mbege haifungwi kiwandani, na gongo ndiyo kabisa, ni haramu hata kabla hujatoka nyumbani.

Tugeukie yanayosemwa vijiweni. La kwanza ni kwamba meli ikishafika bahari kuu hakuna sheria, kwa hiyo utafanya utakalo. Kweli, mkataba wa sheria ya bahari wa mwaka 1982 unaipa nchi eneo la bahari la maili 12 za baharini, kama kilomita 22, na ndiyo maana kasino na maduka ya meli hufungwa ikiwa bandarini na kufunguliwa ikishatoka. Lakini meli inabeba sheria za nchi iliyoisajili, nyingi zikiwa zimesajiliwa Bahamas au Panama. Juu ya hapo kuna tiketi yako, ambayo ni mkataba. Kurasa zile ndefu ulizozipitisha kwa kubonyeza "nakubali" zinasema wanaweza kukagua chumba chako na kukushusha bandari ijayo. Hawahitaji polisi wa nchi yoyote.

La pili ni kuficha. Enzi za viroba, vile vifuko vidogo vya pombe kali, watu walikuwa wanavitia soksini, na ingawa viroba vilipigwa marufuku Tanzania tangu Machi 2017, akili ya kiroba haijafa. Huko nje wanauza mifuko laini ya plastiki ya kufichia pombe, wapo wanaojaza vodka kwenye chupa ya dawa ya kusukutulia mdomo na kuitia rangi ya kijani, wapo wa chupa ya shampuu. Mtu wa eksirei anaona masanduku maelfu kwa siku moja. Chupa tatu za dawa ya mdomo kwa safari ya siku saba anaziona hata akisinzia. Ikikamatwa, Carnival wanaitupa bila fidia, na abiria hana wa kumlalamikia kwa sababu alishakubali. Ile hadithi kwamba wahudumu wanaigawana usiku naiachia vijiwe. Vijana wetu waliosomea hoteli Arusha na kupata kazi huko baharini hawawezi kuhatarisha mkataba kwa vodka yenye ladha ya dawa ya mdomo.

La tatu, na hili lina maana zaidi mfukoni, ni kwamba kifurushi cha vinywaji ndiyo dawa ya yote. Kifurushi ni malipo ya siku nzima unayolipa mapema, halafu unakunywa bila kuangalia bei. Bei hutofautiana, nyingi zikiwa kati ya dola 60 na 100 kwa siku. Tuseme ni dola 70. Ukiongeza asilimia 20 ya huduma inakuwa 84. Bia moja ya dola 8 pamoja na huduma inakuwa dola 9 na senti 60. Kwa hiyo ili kifurushi kirudishe pesa yake unatakiwa unywe karibu bia tisa kila siku, siku saba mfululizo, zikiwemo siku ambazo umeshuka bandarini kuanzia asubuhi hadi jioni. Wapo wanaoweza. Carnival wao wameweka ukomo wa vinywaji 15 vya kilevi kwa saa 24, kwa hiyo hata "bila kikomo" ina kikomo.

Halafu kuna sharti ambalo wanandoa wengi hulijua wakiwa wameshaanza kulipa: kampuni nyingi hazikubali mtu mzima mmoja anunue kifurushi cha pombe na mwenzake wa chumba kimoja asinunue. Wanajua glasi hupita mkono hadi mkono. Baba anakunywa bia, mama ni mtu wa chai ya tangawizi, lakini wote wawili wanalipiwa. Dola 84 mara siku saba mara watu wawili ni dola 1,176. Kwa familia ya namna hiyo ni bora baba alipie bia moja moja, mama abebe majani yake ya chai, ambayo hakuna kampuni inayoyagombania, na chupa mbili za mvinyo zilizoruhusiwa ziwasindikize usiku mmoja au miwili.

Bandarini nako watu hujichanganya. Unashuka Cozumel ya Mexico au Nassau ya Bahamas, unakuta ramu kwa bei poa, unanunua. Kununua ni halali. Ukirudi melini wanaipokea mlangoni, wanakupa karatasi, na unarudishiwa usiku wa mwisho au asubuhi ya kushuka. Hata ile uliyonunua kwenye duka la meli yenyewe kwa kawaida hushikiliwa hivyohivyo. Hawajakunyang'anya, wanahakikisha tu kwamba hutainywa kwao badala ya kununua yao.

Ukishuka nayo, forodha inaanza. Marekani inamruhusu mtu wa miaka 21 na zaidi lita 1 bila ushuru kama kanuni ya jumla. Kwetu, sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inampa msafiri wa miaka 18 na zaidi lita 1 ya pombe kali au lita 2 za mvinyo. Chupa ya kwanza ya ramu itapita KIA salama. Ya pili inaweza kutozwa ushuru, na risiti ya Cozumel ndiyo ushahidi wako wa bei, kwa hiyo ifunge pamoja na chupa, usiiache kwenye kapu la chumba cha meli.